Usiguse Cherehani

Nyumbani kwetu kulikuwa na cherehani moja na sheria mbili. Dada yangu alilazimishwa kuikalia. Mimi nilikatazwa kuigusa.

Dada alikuwa kidato cha pili, mwaka 2009, ilipobainika kwamba ana mimba. Shule ikamwandikia baba barua ya aya mbili. Ilikuwa barua halali kabisa: kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Kwa kina yule mvulana haikwenda barua yoyote. Wiki hiyohiyo cherehani ya mama, Singer nyeusi ya miguu yenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufifia, ilitolewa chumbani ikawekwa sebuleni karibu na dirisha, na dada akaambiwa akae pale ajifunze, angalau apate hela ya sabuni ya mtoto.

Neno "angalau" silisahau. Cherehani iliingia maishani mwa dada yangu ikiwa imebebwa na neno hilo.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Siku moja wamekwenda kliniki, nikakaa kwenye kile kiti, nikaweka miguu, nikazungusha gurudumu kwa mkono kuona sindano inavyozama na kuibuka na uzi wa chini. Mama aliporudi akanikuta. Alinichapa kiganjani mara moja tu, lakini kwa uchungu ambao sikuuelewa hadi nilipokuwa mtu mzima. "Wewe soma," akasema. "Usiguse cherehani. Hiyo si yako."

Naandika kupinga sheria zote mbili, ile ya dada na ile yangu. Najua mama alizitunga kwa upendo. Aliwashonea watoto wa Machame nusu nzima sare za shule kwa taa ya chemli, mgongo ukampinda, macho yakaisha. Mtu aliyelipia ada zetu kwa mshono ana haki ya kuuchukia mshono. Lakini sheria zile hazikuwa za mama peke yake. Ziko nyumbani kwenu pia, wewe unayesoma, na nina hakika unajua ulikuwa upande upi.

Nije kwenye pazia, maana hasira yangu ilianzia kwenye pazia.

Nilipomaliza chuo, na baada ya miaka ya kuzunguka na bahasha ya vyeti, nilipata kazi ya uhasibu Bomang'ombe. Kwa asiyepajua: ni pale barabara ya Moshi kwenda Arusha inapokutana na njia ya kupanda Sanya Juu, makao makuu ya wilaya ya Hai. Huko juu kwetu Machame kuna migomba, mifereji na ukungu. Huku chini kuna jua, upepo na vumbi ambalo halibishi hodi. Asubuhi Kibo inaonekana nyeupe kama imepigwa pasi, saa nne imeshajifunika. Nilipanga chumba na sebule, dirisha likitazama barabara. Bila pazia, kila konda wa Coaster angejua nimekula nini.

Nikaenda Moshi mjini nikanunua mapazia yaliyoshonwa tayari, ya ringi, rangi ya kahawa, yamefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni wenye picha ya sebule ya watu weupe. Nikayatundika. Yaliishia juu kidogo ya usawa wa dirisha, yakabaki yananing'inia. Mama mwenye nyumba alipita uani, akatazama, akasema, "Mwanangu, dirisha lako limevaa kaptula."

Nilicheka, kisha nikaketi kitandani nikiwa na mapazia ya elfu arobaini na tano mapajani, nikatambua kwamba sijui la kufanya. Nina digrii. Naweza kukusomea mizania ya kampuni nikakuonyesha palipofichwa deni. Kipande cha nguo chenye pembe nne za mraba, kitu ambacho bibi yangu asiyejua kusoma angekitengeneza kati ya kulisha mbuzi na kupika, kilinishinda.

Dada yangu siku hizi yuko Bomang'ombe pia. Ana meza kwenye baraza la duka la vitambaa karibu na soko, na cherehani ni ileile ya mama, ila sasa ina mota ndogo ya umeme ubavuni. Nikampelekea mapazia. Akayanusa kwanza. Kweli, aliyanusa, kisha akayakwangua kwa ukucha. "Hii dawa imepakwa tu ionekane nzito," akasema. "Ukifua mara mbili itabaki neti. Nunua kitambaa nikushonee." Nikamwambia dirisha lina sentimita mia na hamsini. Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayechanganya faida na mauzo.

"Nani amekuambia upime dirisha? Pima bomba."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo nilipaswa kulipata nikiwa na miaka kumi na miwili. Bomba langu lina sentimita 180. Pazia lililo sawa na bomba halina marinda, linakaa kama shuka lililoanikwa. Kwa hiyo zidisha mara mbili, 360. Kitambaa cha jora lile kina upana wa 150. Pana mbili hazifiki. Pana tatu ni 450, kila upande moja na nusu, kinachozidi kinaliwa na mishono na pindo za pembeni, na marinda yanashiba. Urefu kutoka bombani hadi karibu na sakafu ni 210. Juu ongeza 10, chini ongeza 15 kwa upindo, maana upindo mwembamba haulivuti pazia likatulia, na upepo wa Bomang'ombe utalipeperusha hadi darini. Tumefika 235. Mara tatu ni mita saba na kidogo.

Nikatoa simu nilipie mita saba na nusu. Dada akaweka mkono juu ya jora. "Haya maua umeyaona?"

Kitambaa kilikuwa na maua makubwa, na ua lilijirudia kila baada ya sentimita 32. Ukikata vipande vitatu vya 235 bila kuangalia, ua la kipande cha kwanza litakutana na jani la kipande cha pili, na kila mgeni atajua pazia limeunganishwa. Kila kipande lazima kianzie kwenye ua lilelile. 235 si kigawe cha 32. Kigawe kinachofuata ni 256. Mara tatu, 768. "Nunua nane," akasema. Hesabu yote aliifanya kwa chaki ya fundi kwenye ukingo wa meza, kwa muda niliotumia kufungua kikokotoo.

Kidogo cha shirika, kigawe, kwenda kigawe cha juu: ni hesabu za darasa la sita, zilezile tulizofundishwa kwa mfano wa kengele mbili zinazolia pamoja kila baada ya dakika kadhaa, kengele ambazo sijawahi kukutana nazo tangu hapo. Dada alifukuzwa shule akiambiwa safari yake ya elimu imekwisha, na amekuwa akikokotoa vigawe kila siku ya kazi tangu wakati huo. Kisha likaja la kitambaa chenyewe. Pamba iloweke kabla ya kukata, ili irudi sasa na siyo baada ya kufuliwa. Pazia zito litundike na upindo wa chini ukiwa umebanwa kwa pini tu, uliache siku mbili, kwa sababu uzito wake utalishusha. Ukiushona upindo siku ya kwanza utaburuta wiki ya pili. Huo ni uchunguzi wa tabia ya kitu, na mwenye koti jeupe akiufanya tunauita sayansi.

Kisha akanitajia bei ya kushona. Elfu kumi na tano.

Hapa lazima nijitaje kwa ubaya. Nikamwambia, "Dada, elfu kumi na tano kwa kushona mstari ulionyooka?"

Hakukasirika. Alisimama, akanipisha kwenye kiti, akaweka kitambaa cha mabaki chini ya sindano. "Unyooshe basi."

Nilishona kama sentimita ishirini. Mota ikanikimbiza, mkono wa kulia ukavuta, wa kushoto ukasukuma, mshono ukaenda kama njia ya mbuzi inayoshuka mtoni. Uzi wa chini ukajikusanya ukafanya kiota. Nikanyanyua mguu kwa woga kana kwamba nimekanyaga nyoka. Mafundi wawili wa baraza la pili, wanaume wa makamo, waliacha kazi wakatazama. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na niligusa cherehani kwa mara ya pili maishani.

Sasa mjadala wenyewe.

Nchi hii ina mazoea ya kumpa cherehani kila mtu tuliyekwisha kukata tamaa naye. Msichana amefeli kidato cha nne, mpe cherehani. Mjane, mpe cherehani. Aliyeacha biashara ya mwili, mpe cherehani, apigwe picha akiipokea. Mwezi Juni 2017 Rais wa wakati huo alipotangaza kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali, wengi waliotaka kuonekana wana huruma walikuja na jibu moja: si kuna vyuo vya ufundi, si akajifunze kushona? Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021, na nililia ofisini kama mjinga. Lakini hakuna aliyeondoa ile dhana nyingine. Cherehani ilibaki kuwa mahali unapopelekwa mlango mwingine ukifungwa.

Na ukishaifanya kazi kuwa adhabu, usishangae hakuna anayetaka kuilipia. Mimi niliyesoma niliomba kupunguziwa bei na dada yangu wa tumbo moja kwa sababu kichwani mwangu kushona hakukuwa maarifa. Kulikuwa kitu ambacho waliokosa kingine hukifanya kwa mikono huku akili ikiwa imelala. Nani alinifundisha hivyo? Mama, kwa kile kibao. Walimu, kila waliposema "usiposoma utaishia kwenye cherehani". Sikuwahi kusikia mwalimu akimtishia mtoto kwamba asiposoma ataishia kuwa mbunge.

Kuna wasomi wenzangu, hasa wanawake, watakaonirukia hapa, na wana hoja. Watasema sindano ilitumika kutufunga. Ni kweli. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na katika shule za misheni za zama zile wavulana waliandaliwa kuwa walimu na makarani, wasichana wakafundishwa kushona, kufua na kutunza nyumba ili wawe wake wema wa Kikristo. Hata baada ya uhuru Sayansi Kimu ilibaki, machoni pa wengi, somo la wasichana. Bibi zetu walipewa sindano pale babu zetu walipopewa kalamu. Mtu akisema "sirudi huko", namwelewa.

Lakini tazama barazani. Pita Bomang'ombe, pita Moshi mjini, hesabu mwenyewe wanaoshona suti: ni wanaume, na hakuna anayewaambia wamerudishwa jikoni. Kushona kukiwa ndani ya nyumba bila malipo ni umama. Kukitoka nje na kuwekewa bei kunakuwa ufundi, na mwanaume anavuta kiti. Kosa halikuwa sindano. Kosa lilikuwa kuitoa kwa watoto nusu na kuinyima nusu nyingine, kisha kuwadharau waliopewa. Dawa yake siyo kuwanyima wote.

Maana hapo ndipo tulipofika. Sisi tuliosoma, wa kike kwa wa kiume, hatujui kurudisha kifungo. Suruali ikichanika pindo tunaiweka kwenye mfuko wa "nitapeleka kwa fundi", mfuko unakaa miezi minane, tunanunua nyingine Memorial. Sina neno baya na mtumba. Nimevaa mtumba hadi chuo. Lakini kumbuka ilivyokuwa mwaka 2016, wakuu wa Afrika Mashariki waliposema mitumba itaondolewa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu za soko lake chini ya AGOA. Rwanda peke yake ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Sisi na jirani zetu tulirudi nyuma. Vijana waliandika sana mtandaoni kuhusu ubeberu, nami nikiwamo. Nilikuwa nimevaa blauzi iliyobanwa kwapani kwa pini.

Simaanishi kila mtu afungue kiwanda chumbani, na Urafiki haitafufuka kwa sababu mimi nimekunja upindo. Nasema mtu asiyejua nguo inavyotengenezwa hawezi hata kulalamika sawasawa. Hajui kwamba mshono wa ndani haukupigwa ovaloki ndiyo maana unafumuka. Hajui kwamba sare ya harusi imekatwa kinyume cha uzi wa kitambaa ndiyo maana inamzunguka mwilini. Analipa, anavaa, anatupa. Na akimkuta fundi mzuri hana macho ya kumjua, kwa hiyo anampa bei ileile ya fundi mbovu.

Nilisema mama alinikataza. Kulikuwa na nafasi moja tu.

Jumapili baada ya ibada, mama na majirani wanne au watano walikaa chini ya mparachichi wetu na salfeti ya mabaki. Humo mlikuwa na vipande vya sare za send-off zote za kitongoji, tetroni za shule, mifuko ya makoti ya marehemu fulani, kanga zilizochanika katikati lakini pindo zake bado nzima. Walikata miraba kwa kipimo cha kadi ya kliniki ya mtoto, wakaiunganisha kwa mkono, kila mmoja safu yake, kisha safu zikakutana. Ikatoka shuka nzito ya viraka, yenye blanketi kuukuu katikati na kitambaa kimoja kizima chini, vyote vikishikwa pamoja kwa mishono mirefu ya mkono. Shuka hiyo haikuuzwa. Ilipelekwa kwa aliyejifungua, au kwa mzee aliyekuwa hatoki tena kitandani. Kwa kuwa macho yao yalikuwa yamechoka, kazi ya kutia uzi kwenye matundu ya sindano walipewa watoto. Hiyo niliruhusiwa. Nilipanga sindano kumi na mbili zenye uzi kwenye ukingo wa kikapu, moja ikiisha nampa mtu nyingine, na nikasikiliza. "Hiki kijani ni cha send-off ya nani?" "Ya yule aliyerudi baada ya mwezi." Kicheko. Historia ya kitongoji kizima niliijua kwa vipande vya sentimita kumi na tano.

Nilipokuwa chuoni nikiona haya kumwelezea mwenzangu wa chumba kwa nini nimejifunika viraka, sikujua kwamba huko Alabama, Marekani, kuna kijiji cha Gee's Bend ambako wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, walishona mablanketi hayohayo kutokana na nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa Houston, kisha Whitney, New York, na mwaka 2006 zikatiwa kwenye stempu za posta. Wala sikujua habari za Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, wengi wakiwa uzao wa watu waliovushwa bahari kutoka pwani hizi zetu. Wanawake wao hushona kwa mkono shuka za viraka ziitwazo kawandi, wakianzia pembeni kuzunguka hadi katikati, na kila pembe huwekewa kijipande kilichokunjwa kinachoitwa phula, yaani ua. Bila phula, shuka ni kama iko uchi.

Kwetu kiraka ni aibu. Mahali pekee tunapolisifu neno hilo ni mpirani: mchezaji kiraka ni yule anayecheza beki, kiungo, hata winga, na kocha hawezi kumwacha. Nguo ikifanya hivyohivyo tunaificha wageni wakija.

Mama alipofariki, nilitafuta ile niliyokuwa nikijifunika chuoni. Shangazi alikuwa amekwisha kuitumia kufunikia mahindi.

Wapo wanaokubaliana nami upesi mno, na hao ndio wananitia wasiwasi zaidi. Ni wenzangu wa mjini waliogundua kushona mwaka juzi kupitia video, wana mkasi wa waridi na mshumaa wa kunukia, wanasema kinatuliza akili. Kitulize. Lakini usiniambie kushona ni mapumziko wakati mtu aliyeshona sare ya kamati yenu ya harusi alikesha siku tatu na bado hajamaliziwa hela yake. Dada yangu hajawahi kutulizwa na cherehani. Amelishwa nayo, ameaibishwa nayo, na anaiweza. Hayo ni mambo matatu tofauti.

Serikali nayo imekumbuka. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, mtoto asome ufundi akiwa shuleni bila kungoja kufeli kwanza. Nimeifurahia karatasi hiyo kwa dhati. Ni wazo ambalo Nyerere alilisema mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na sote tunajua jinsi shule nyingi zilivyolipokea: jembe kwa waliochelewa namba. Kazi ya mikono ikawa viboko kwa njia nyingine. Ikiwa mkondo wa amali utakuwa mkondo wa wenye alama ndogo, basi tutakuwa tumechukua ile sheria ya sebuleni kwetu tukaipigia mhuri. Namtaka yule wa kwanza darasani, mvulana anayetaka kuwa daktari wa upasuaji, ashone upindo mrefu wa mita tatu bila kupinda. Siku moja atamshona mtu.

Yote haya nilimwambia dada, siku nilipokwenda kuchukua mapazia, kwa sauti kubwa, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake kama mgombea. Alikuwa anafumua mkono wa gauni la mtu. Binti yake, yule aliyekuwa tumboni mwaka 2009, alikuwa ametoka shule, bado na sare, amekaa kwenye benchi. Wakati naendelea kuhutubia, mtoto alinyoosha mkono akaokota bobini iliyoanguka, akasogea kuirudisha mahali pake chini ya sindano. Alijua pa kuiweka.

Dada hakuinua hata kichwa. "Acha. Usiguse cherehani. Fungua daftari."

Nilinyamaza katikati ya sentensi.

"Umesikia nilichokuwa nasema?" nikamuuliza.

"Nimesikia." Akang'ata uzi. "Wewe unaweza kusema hivyo, mdogo wangu. Mshahara wako unaingia hata ukiumwa. Mimi nikiumwa, hii," akaipiga cherehani kofi, "nayo inaumwa. Siku huyu akiwa na kitu kingine mkononi, aje ashone mpaka achoke. Leo hapana."

Sina jibu kamili kwa hilo na sitajifanya ninalo. Mtu anayefunga mlango kwa sababu aliwahi kusukumwa ndani yake kwa nguvu hawezi kushawishiwa na mtu aliyelelewa nje. Ila namuuliza dada, na ninamuuliza kila mzazi wa baraza lile: huyu mtoto atakapofika chuo, akapata chumba chake na dirisha lake, atakuja kukulipa elfu kumi na tano, au atakuuliza kwa nini mstari ulionyooka una bei? Mimi ndiye mtoto aliyekatazwa. Nilikuja na swali hilohilo.

Nilimlipa mapazia bila kuomba kupunguziwa. Kisha nikamwomba anifundishe.

Alifikiri. Nilitegemea aseme karibu, sisi ni ndugu. Akasema elfu kumi kwa Jumapili, saa mbili, kitambaa cha mazoezi nije nacho mwenyewe, na nisichelewe kwa kisingizio cha kanisa. Nikasema sawa. Jumapili ya kwanza tulifanya kufumua tu, maana alidai asiyejua kufumua ataogopa kushona. Jumapili ya pili ilikuwa upindo. Mtoto alikaa upande wa pili wa meza na daftari lake la hesabu, na dada alipotaka kuniandikia vipimo vya foronya akakuta chaki imekwisha, akamwambia, "Hebu mpigie shangazi yako hesabu ya hiki kitambaa, miraba ya kumi na tano itatoka mingapi, na usisahau sentimita moja ya mshono kila upande."

Mtoto akavuta rula.